Neno Linalofuata Chakula

Jumatatu asubuhi, mama mmoja wa Stafford, kando ya Houston huko Texas, alimpigia simu mtu aliyemharibia mwanawe, akamwomba aje amtetee. Mama hakujua anaongea na nani. Yule mtu alijua, na badala ya kusema hapohapo alijibu, "Nitakuja, dada. Ijumaa nitakuwa hapo." Kisha akakata simu, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Jina lake Modestus, mtu wa Bukoba, mwenye shahada mbili za takwimu na suti moja. Chuo kimoja cha Fort Worth kilikuwa kimemwajiri kuchambua mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ukiwaeleza watu wa Bukoba kwamba kuna chuo kinachomwajiri mtu mzima atazame video za vijana wakigongana, aandike nani alisimama wapi, watakuuliza kama jamaa huyo hana ndugu wa kumwonea huruma. Modestus mwenyewe aliipenda kazi ile mno. Ndiyo iliyokuwa imebeba kibali chake cha kuishi Marekani, na cha mkewe Yasinta, nesi. Kazi ikiondoka, nao wanafungasha.

Mama aliyempigia ni Orpa, Mkongo wa Uvira, anayefungasha mizigo kwenye ghala moja hapo Stafford. Mumewe, Vital, alifia kambini Nyarugusu, Kigoma, akamwachia mtoto mmoja, Élysée, ambaye sasa ana miaka ishirini na anachezea chuo kimoja cha Houston. Modestus alipokuwa mwanafunzi aliishi Alief, mtaa wa Houston, mlango wake ukitazamana na wa Orpa. Alimfundisha Élysée hesabu, akamfundisha na kuendesha gari, na kwa miaka miwili hakununua hata kijiko cha kupikia kwa sababu Orpa alimlisha. Ndiyo maana Orpa humwita Mwalimu, na Élysée humwita anko. Siku kijana aliposaini karatasi za kuchezea chuo, kwenye kiti cha baba alikaa Modestus, na picha ya siku hiyo bado iko ukutani kwa Orpa.

Halafu kuna bakuli. Ni bakuli kubwa la plastiki lenye mfuniko wa bluu, ambalo tangu Modestus ahamie Fort Worth limekuwa likisafiri kati ya nyumba hizo mbili. Likienda na sombe, kisamvu cha Kikongo, linarudi na maandazi, likienda na samaki linarudi na vitumbua. Halijawahi kurudi tupu, na hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani kwanza.

"Mwalimu," Orpa alikuwa amesema kwenye simu, "banasema mutoto wangu aliuzisha maneno ya timu. Kocha amemukalisha chini, hachezi tena. Ijumaa banataka jibu, ao atoke kabisa na pesa ya shule ikatike. Miye Kingereza yangu unaijua. Na kwetu mama hasimami peke yake kwa mambo kama hii, lazima kuwe mwanaume wa jamaa wa kubeba neno. Donc, ni weye. Njoo utusemee."

Sasa nieleze maneno hayo ni yapi, maana bila hayo dhambi ya Modestus haionekani, na yeye mwenyewe alijaribu kwa siku nne nzima kuifanya isionekane.

Ulinzi katika mchezo huu ni kazi ya kudanganya. Nyuma kabisa husimama walinzi wawili. Kwotabeki, yule kijana wa upinzani anayerusha mpira, huwatazama hao kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiwaona wote wawili wamekaa mbali, anajua katikati kuna mwanya. Mmoja akihamia katikati na mwenzake akashuka mbele, anajua nafasi iko pembeni. Kwa hiyo walinzi wenye akili husimama namna moja, na mpira ukianza tu wanageuka namna nyingine. Kwotabeki ana sekunde mbili na nusu za kugundua kwamba kadanganywa. Sekunde ya tatu kuna jitu la kilo mia na ishirini linamwangukia.

Ubaya wa uongo wa watu wengi ni kwamba lazima wakubaliane kwanza. Kocha anaweza kuzungumza na mchezaji mmoja kupitia redio iliyo ndani ya kofia, lakini redio hiyo hukatwa zikibaki sekunde kumi na tano, na wapinzani hupenda kubadilisha mipango yao wakati huohuo, redio ikiwa imeshakufa. Ishara za mikono kila timu inazirekodi. Inabaki sauti, na sauti kila mtu anaisikia.

Élysée ndiye aliyelitatua hilo kwa kichwa chake. Aliwafundisha wenzake wa nyuma maneno matatu ya Kiswahili, yote ya sehemu alizokulia kambini. Kanisa: wote wawili wabaki mbali. Kisima: yeye aende katikati, mwenzake ashuke. Soko: kinyume chake. Na kwa kuwa Texas haikosi watu wanaojua Kiswahili, akaongeza kufuli. Anapiga kelele maneno mengi kwa mfululizo, kisima, soko, kisima, kanisa, na yote hayo ni takataka. La kweli ni lile tu linalofuata jina la chakula. Akisema "soko, kanisa, ndagala, kisima, soko," basi ni kisima, kwa kuwa ndagala ni dagaa. Wavulana wa Houston na Louisiana walikariri majina ya vyakula ambavyo hawajawahi kuviona, na kwa mechi tano hakuna kwotabeki aliyewaelewa.

Modestus alijuaje? Hakuiba. Aliambiwa mezani, mwezi wa saba, alipokwenda Stafford na bakuli. Élysée alichukua vikombe viwili akavifanya walinzi, akachukua chupa ya pilipili akaifanya kwotabeki, akamwonyesha mama yake jinsi anavyocheza. Orpa hakuelewa kitu ila alicheka mpaka akafuta machozi, kwa kusikia sombe yake imegeuka kuwa silaha. Modestus ndiye aliyeelewa, akapiga meza kwa furaha, akasema, "Aisee, mwanangu, wewe ni hatari!" Hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa Fort Worth yuko mezani. Mezani alikuwepo anko.

Mwezi wa kumi ratiba ikazikutanisha timu hizo mbili. Siku sita kabla ya mechi, Brandt, kocha wa mashambulizi wa Fort Worth, aliweka video ukutani, akapandisha sauti. Chumba kilijaa sauti ya Élysée ikipiga kelele ya soko na kisima. Wachambuzi tisa waligeuka wakamtazama Modestus.

"Mo," akasema Brandt, "hii si lugha ya kwenu?"

Hapo palikuwa na milango mingi ya kutokea. Angeweza kusema ni Kikongo, hakijui. Angeweza kutafsiri yale maneno matatu na kuishia hapo, kwa sababu bila kufuli hayana kazi. Lakini Modestus alikuwa amekaa chumba kile miaka mitatu akiitwa Mo, akiandika majedwali ambayo wengine walikwenda kuyasoma mbele ya kocha mkuu kwa majina yao. Siku ile, kwa mara ya kwanza, watu wote walikuwa kimya wakimngoja yeye. Akainuka. Akachukua kalamu. Alipomaliza, ubao ulikuwa umejaa, na Brandt alimpigia makofi peke yake, taratibu, halafu wakapiga wote.

Kilichofuata ndicho kinachomuumiza zaidi hadi leo. Siku nne mfululizo alikaa na kwotabeki wa Fort Worth, kijana mpole wa huko magharibi kwenye visima vya mafuta, akamfundisha majina kumi na mawili ya vyakula vya Orpa. Sombe. Ndagala. Lengalenga, yaani mchicha. Kijana alikuwa mzito wa ulimi, na Modestus alimrudisha tena na tena kwa subira ileile aliyomfundishia Élysée sehemu na desimali.

Wakashinda arobaini na moja kwa kumi na tatu. Élysée alifukuza mpira uliokwishampita mara nne, na mtangazaji wa televisheni akasema mlinzi yule amepotea kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Modestus alikuwa juu kwenye chumba cha vioo. Watu walimpiga mgongoni. Alicheka nao, na alipocheka alihisi aibu ikimpanda shingoni kama homa, akajiambia ni joto.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ni kweli na alilikariri sana. Kusikiliza maneno ya wapinzani uwanjani ni ruhusa, kila timu inafanya. Brandt alipomwona hana raha alimwambia, "Huo ndio mpira, Mo." Lakini Jumapili kocha wa ulinzi wa Houston alitazama video, akaona jinsi kwotabeki alivyokuwa akitulia, akingoja neno, na jinsi alivyocheka mara moja akamtamkia Élysée "ndagala" usoni. Akawakusanya vijana wake wa nyuma, akamuuliza kila mmoja: ulimwambia nani? Wote waliapa hawajamwambia mtu. Élysée peke yake alinyamaza. Na aliyenyamaza ndiye aliyeonekana ameuza.

Modestus alimweleza Yasinta Alhamisi jioni, akiwa amesimama, kama mtu anayetoa taarifa. Wiki ile timu zote mbili hazikuwa na mechi, kwa hiyo hata kisingizio cha kazi hakuwa nacho. Yasinta alikuwa anakaanga maandazi ya kujaza bakuli. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaepua maandazi, akayaacha yachuje mafuta.

"Ukisema huko Houston, hapa watajua?" akauliza.

"Watajua. Huwezi kwenda kumwambia kocha wa watu siri za chumba chako ukabaki kazini."

"Na usiposema?"

Modestus akaupangusa mfuniko wa bluu. Yasinta akaanza kupanga maandazi kwenye bakuli, moja moja, akafunika. "Mimi nilikula sombe ya yule mama nikiwa na mimba iliyoharibika, wakati siwezi hata kunywa maji," akasema. "Alipanda basi kutoka Houston kuja kunipikia. Fanya unavyojua."

Ijumaa alitoka asubuhi, akaishika barabara ya arobaini na tano kuelekea kusini. Saa nne na zaidi za barabara iliyonyooka ni nyingi sana kwa mtu mwenye jambo rohoni. Alipanga hotuba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kumsifu Élysée bila kutaja mtu yeyote. Ya pili ilisema kwamba siku hizi kompyuta zinaweza kuvunja kufuli lolote, jambo ambalo lina ukweli fulani na yeye ndiye mtaalamu, wangemwamini. Ya tatu ilikuwa ya kweli, nayo kila alipoianza ilikatikia katikati. Tena ya kweli ilikuwa na mtego wake: akisema aliambiwa na Élysée, anathibitisha kwamba Élysée alisema. Ukweli wenyewe ungeweza kummaliza kijana. Modestus aliushika mtego huo kwa furaha mbaya, kama mtu aliyepata cheti cha daktari cha kumruhusu asiende kazini.

Orpa alimpokea mlangoni amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akalinusa, akacheka. Meza ilikuwa ileile, na vikombe vilikuwa vilevile. Alikuwa amepika fufu, ugali wa muhogo, na samaki na sombe, kama vile anayekuja ni mkwe.

"Mwalimu, unakula kama mugeni," akasema baada ya muda.

"Nimeshiba, dada. Nilikula njiani."

"Njiani! Toka lini?" Akamtazama. Halafu akakaa, akaweka viwiko mezani. "Weye unajua hii mambo ya mipira. Nani alimufanyia mutoto wangu vile? Kila siku ninauliza Mungu anionyeshe ule muntu, si kwa ubaya, hapana. Nimuone tu macho."

Modestus alilirudisha tonge sahanini. "Tutajua leo, dada," akasema, na hapo alijichukia kuliko siku zote nne zilizotangulia. Orpa alikubali kwa kichwa, ameridhika, akainuka kwenda kujaza sombe kwenye bakuli la bluu, ya kumpelekea Yasinta.

Walimkuta Élysée kwenye maegesho ya chuo, karibu na gari lake bovu, amevaa shati jeupe lililombana mabega. Alimkumbatia mama yake, akampa Modestus mkono huku ameinamisha kichwa, kama alivyofundishwa. Orpa aliomba aonyeshwe choo, akaingia ndani. Wakabaki wawili.

"Anko," akasema Élysée, akitazama viatu. "Just sema mimi ni mtoto mzuri. Sema habari za baba, za kambi. Coach ana moyo. Usi-explain vingine."

"Vingine vipi?"

"Anko, please." Akainua macho. "Your guy alijua lengalenga ni chakula. Nani Texas nzima anajua lengalenga? Nje ya team, nilimwambia mtu mmoja tu aliyeelewa. Nilijua kabla ya half-time."

Modestus alimsogelea. "Ulijua? Na hukusema?"

"Ningesema nini? That I told my uncle who works for them? Kwao hiyo na kuuza ni kitu kimoja. Na Mama..." Akatazama mlango aliouingia mama yake. "Mama anakuombea kila Sunday kwa jina. Before hata jina langu. Mimi naweza kwenda chuo kingine, maybe. Mama hana anko mwingine."

Kijana wa miaka ishirini alikuwa amesimama juani akimlinda mtu mzima. Modestus aliona hivyo, waziwazi, na hotuba mbili za kwanza zilimtoka kichwani zikaenda zake.

Ofisi ya kocha wa ulinzi ilikuwa ndogo, imejaa makaratasi. Hollis, mzee wa miraba minne mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kupiga kelele uwanjani, aliinuka kumpa Orpa kiti chake mwenyewe. Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, na Modestus akatafsiri: kwamba anampenda kijana, kwamba hana ushahidi wa fedha, lakini neno lilitoka, na aliyeulizwa akanyamaza. Timu haiwezi kukaa na mtu asiyesema.

"Mwambie," akasema Orpa, "mutoto wangu hajui kuuzisha. Mwambie baba yake alikufa maskini, na hakuuzisha muntu. Halafu weye sema, Mwalimu. Sema yote unajua."

Modestus akatafsiri sehemu ya kwanza. Kisha akaendelea kwa Kiingereza hichohicho, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Nafanya kazi Fort Worth, ni mchambuzi wao. Mwezi wa saba kijana huyu alituonyesha mchezo wake mezani kwa mama yake, kwa vikombe. Hakumwambia mpinzani, alimwambia anko wake. Mimi ndiye niliyeyachukua yale maneno nikayapeleka kazini na kuyafundisha. Alinyamaza mbele yako kwa sababu ananiheshimu, na hana sababu ya kuniheshimu. Kama kuna mtu aliyeuza kitu, niliuza mimi, na nililipwa makofi."

Hollis akaketi kwenye ukingo wa meza. "Watakufukuza," akasema.

"Najua."

"Aliyekutuma uje kusema haya ni nani?"

"Mama yake. Ila hajui alinituma kusema nini."

Mzee akageuka kwa Élysée. "Ulijua ni yeye?" Kijana akakubali kwa kichwa. "Ungekuja kuniambia. Ningekupigia kelele wiki nzima, basi. Mimi mwenyewe mke wangu anajua nusu ya daftari langu la ulinzi, na kaka yake ni kocha wa timu nyingine." Akasugua uso kwa viganja. "Jumanne saa nane mazoezini. Utakimbia ngazi za uwanja mpaka nichoke mimi. Na utatutafutia maneno mapya. Safari hii usimwambie hata padri."

Orpa alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, ameshika mkoba kifuani. "Amesema nini? Élysée, amesema nini?"

"Mama, narudi," akasema Élysée haraka, kwa Kiswahili, kabla Modestus hajafungua kinywa. "Tuesday narudi kwenye timu. Anko amenitetea vizuri sana. Imekwisha."

Orpa alipiga kigelegele humo ofisini, hata Hollis akashtuka. Akaruka kutoka kitini, akaishika mikono ya Modestus yote miwili, akaibusu, akaipaka machozi. "Nilisema! Nilisema Mwalimu akienda, itakwisha! Mungu akupe miaka yangu yote!" Juu ya bega la mama yake, Élysée alikuwa anamtazama Modestus na kutikisa kichwa kidogo sana. Iache hapo, anko.

Nami nitasema kwa haki: angeweza kuiacha. Kijana ameokoka, kocha ameridhika, kazi imeshapotea, deni la ukweli kwa Wamarekani limelipwa kwa Kiingereza. Watu wengi wazuri wangeondoka na ile mikono iliyobusiwa. Modestus mwenyewe aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Dada Orpa," akasema, "keti kwanza. Mtoto hajatafsiri yote."

"Anko..."

"Kaa kimya, Élysée. Nimeitwa kubeba neno, wacha nilifikishe."

Akalitafsiri. Alilitafsiri kama alivyolisema, neno kwa neno, mezani, vikombe, lengalenga, makofi. Hakuongeza samahani katikati ili asilipunguzie uzito, aliiweka mwishoni, na hapo ilionekana ndogo sana. Orpa hakulia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza Kiingereza.

"Ile siku ya mezani," akasema hatimaye. "Siku nilicheka."

"Ndiyo, dada."

"Na leo nilikupikia tena. Nilikuuliza ni nani, ukasema tutajua."

"Ndiyo."

Orpa aliinuka, akamshukuru Hollis kwa Kiingereza chake kidogo, thank you, thank you very much, akatoka. Wakamfuata mpaka maegesho. Modestus alifungua mlango wa gari lake kama alivyomfungulia alipomleta, lakini Orpa hakupanda. Alichukua kikapu chake kilichokuwa kiti cha nyuma, akatoa bakuli lenye mfuniko wa bluu. Lilikuwa bado na joto.

Modestus hakunyoosha mkono. Hakujua kama anapewa au anaonyeshwa.

"Hii ni ya Yasinta," akasema Orpa. "Yeye hakufanya kitu." Akamwekea mikononi, akazunguka gari bovu la mwanawe, akafungua mlango. Kabla ya kuingia aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Alief alimwita kwa jina.

"Modestus," akasema. "Bakuli ataileta Yasinta mwenyewe."